Hofu ikikawia mwilini

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima wa moto Nyiragongo ulipopasuka, anga juu ya Goma liligeuka jekundu kama tanuru ya mfua chuma. Watu walitoka mbio, hawa wakielekea mpaka wa Rwanda, hawa wakishika njia ya Sake. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mwembamba asiyezoea kazi nzito, alimfunga mtoto mmoja mgongoni, akamshika mwingine mkono, akajitwika godoro kichwani, akatembea hivyo mpaka Sake, safari ya kilomita zaidi ya 20. Njiani alijikata mguu juu ya jiwe kali la lava ya zamani, asijue. Damu aliiona asubuhi, nyumbani kwa mdogo wake, mke wa mdogo wake alipomletea maji ya kunawa.

“Shemeji, mbona kiatu chako chajaa damu?”

Yeye akautazama mguu ule kama mtu atazamaye mguu wa mwingine.

Ikapita miezi minane. Mtu yule yule aliyebeba godoro usiku kucha hakuweza tena kupanda ngazi za shule pasipo kusimama apumue. Kichwa kilimwuma tangu asubuhi. Usiku aliamka saa nane, moyo ukimdunda, akabaki macho wazi akisikiliza kama nchi yatetemeka tena. Mafua yalimshika, yakamwacha, yakarudi. Na kile kidonda cha mguu kilikuwa kikifunga na kufunguka. Hapo nyumbani kwao likaanza kutajwa neno moja: karuho.

Wasomaji wa Kivu wanalijua neno hilo. Kwa wale walio mbali na kwetu nasema kwamba ni sumu ambayo, kama watu wanavyosimulia, hutiwa kwa siri katika chakula ao kinywaji, ikamla mtu polepole. Jamaa zake walimpeleka kwa mfumu. Mfumu akajibu kwamba sumu ilitoka katika mkono wa mwanamke aliyewapikia walipokuwa ugenini. Hakutaja jina, wala hakukuwa na haja. Huko Sake ni mwanamke mmoja tu aliyekuwa amewapikia, naye ni yule aliyeleta maji ya kuosha damu.

Sitaki kumcheka mtu. Hata mimi, niliyefundishwa na mapadri kupima maneno kabla ya kuyaamini, nilipokiona kidonda kile nilishikwa na baridi. Lakini nilitafuta, nikasoma, nikawauliza waganga wa hospitali, na nimeona ni wajibu kuwaandikia niliyoyapata. Maana kuna kitu kiwezacho kumdhoofisha mtu kutoka ndani, mwezi baada ya mwezi, nacho hakikutiwa na mtu katika sombe. Mwili wenyewe hukitengeneza.

Kofia mbili juu ya figo

Juu ya kila figo, kama kofia ndogo, imekaa tezi. Kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 4 ao 5 tu, kadiri ya kijiko kidogo cha sukari. Watu wa kale walichinja wanyama na kuwapasua maelfu ya miaka pasipo kuiangalia. Mtaalamu wa Italia Bartolomeo Eustachi aliieleza katika karne ya 16, lakini kazi yake ilibaki fumbo. Mwaka wa 1855 mganga mmoja wa London, Thomas Addison, aliandika juu ya wagonjwa waliokonda, wakaishiwa nguvu, ngozi yao ikageuka rangi, mwisho wakafa. Miili yao ilipopasuliwa, tezi hizo zilionekana zimeharibika, na mara nyingi kifua kikuu ndicho kilichokuwa kimezila. Mwaka uliofuata Brown-Séquard, huko Paris, aliwaondolea wanyama tezi hizo, nao wakafa upesi. Basi vitu hivyo vidogo, ambavyo watu walividhani mafuta tu, ni sharti la uhai.

Kila tezi ina sehemu mbili, kama yai lilivyo na kiini na ute. Kiini chatengeneza adrenalini. Sehemu ya nje yatengeneza kortizoli. Hizo mbili huitwa homoni, nazo ni kama wajumbe: hutolewa katika tezi, huingia katika damu, na damu huwapeleka mpaka kwenye moyo, ini, tumbo na ubongo, kila kiungo kikapokea amri yake.

Adrenalini ni mjumbe mwenye mbio. Mtu akiona nyoka njiani, kabla hajasema “nyoka”, mishipa ya fahamu imekwisha kuiamuru tezi. Moyo unakwenda mbio. Njia za pumzi zinapanuka. Mboni za macho zinafunguka. Ini linatoa sukari iliyowekwa akiba. Damu inaondoka tumboni na katika ngozi, ikaenda katika misuli ya miguu na mikono. Nayo damu yenyewe yawa tayari kuganda upesi, kusudi mtu akijeruhiwa asiimalize njiani. Maumivu yananyamazishwa. Ndiyo maana mwenzangu alitembea juu ya mguu uliopasuka asijue.

Aliyeyaeleza hayo vizuri ni Walter Cannon, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1915. Zamani za ujana wake alikuwa akiwalisha paka, kisha akiwachungulia kwa miale ya X aone tumbo lasagaje chakula. Paka akitulia, tumbo lilifanya kazi yake. Paka akiudhika ao akiogopa, tumbo lilisimama papo hapo. Kila mama aliyepata kuitwa mezani wakati wa ugomvi ameyajua hayo pasipo miale ya X.

Mjumbe wa pili

Adrenalini haikai. Baada ya dakika chache nusu yake imekwisha katika damu. Kama hofu ya mwili ingekuwa hiyo tu, mwenzangu angaliamka Sake siku ya pili akiwa mzima. Lakini kuna kortizoli, na mambo yake ni mengine.

Amri ya kortizoli yazunguka. Hutoka katika ubongo, hupita katika tezi nyingine ndogo chini ya ubongo, yenye ukubwa wa punje ya harage, ndipo hufika kwa njia ya damu juu ya figo. Kortizoli hufikia kilele chake kama nusu saa baada ya tisho. Tusiidhani adui. Kila asubuhi, kabla hatujaamka, hupanda katika damu ya kila mtu mwenye afya, itutoe kitandani. Jioni hushuka, na kama saa sita ya usiku ni kidogo kabisa. Pasipo hiyo tungelegea kama wagonjwa wa Addison.

Kazi yake yafanana na kazi ya baba wa nyumba wakati wa vita. Baba huyo afungua ghala. Auza mbuzi apate franka za safari. Paa likivuja aliacha. Shamba jipya halimi. Ada ya shule aingoja. Je, amekosa? La, amefanya kwa akili, maana kwanza ni kuokoka. Kortizoli nayo yafungua ghala za sukari na mafuta, hata nyama ya misuli yaivunja igeuke sukari. Tena yaahirisha kazi zote ziwezazo kungoja: kukua kwa mtoto, uzazi, kuziba vidonda, na sehemu kubwa ya ulinzi dhidi ya vijidudu. Hatari ni hii: vita vimekwisha, na baba yu bado auza mbuzi.

Mtu wa kwanza kuliona jambo hilo wazi alikuwa Hans Selye, aliyezaliwa Vienna mwaka wa 1907, akafanya kazi Montreal, Kanada. Alikuwa akiwapiga panya sindano za maji ya viungo fulani, akitafuta homoni mpya. Akaona mambo matatu: tezi za juu ya figo zimevimba, tezi ya kifuani, iliyo mojawapo ya ngome za ulinzi wa mwili, imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Akafurahi. Kisha akajaribu dawa nyingine isiyo na uhusiano wowote, akaona yale yale. Akawaweka katika baridi; yale yale. Akawakimbiza kupita kiasi, yale yale. Mwaka wa 1936 aliandika barua fupi katika gazeti la wataalamu, Nature, akieleza kwamba mwili una jibu moja kwa mateso ya namna nyingi. Jibu hilo ndilo watu wa mijini wanaloliita leo stresi.

Nyani wa Kenya

Mfano ulionigusa zaidi ulitoka karibu na kwetu. Robert Sapolsky, Mmarekani, tangu mwaka wa 1978 alikuwa akirudi kila mwaka Kenya, kwenye mbuga ya Masai Mara, kuwachunguza nyani. Aliwalaza kwa sindano ndogo, akawatoa damu, akaipima. Nyani hawana shida nyingi za chakula. Masaa machache yatosha kwa kutafuta matunda na nyasi, nao wanabaki na mchana mzima wa kuoneana. Katika makundi mengi, wale wa chini, wanaopigwa na kunyang’anywa na wakubwa wao pasipo kujua saa wala sababu, walikuwa na kortizoli nyingi hata siku za amani.

Kisha, katika miaka ya 1980, madume wakorofi wa kundi moja waliokwenda kupigania takataka za hoteli ya watalii walikula nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Walibaki majike na madume wapole. Kundi likageuka. Ugomvi ulipungua, kukaa pamoja na kusafishana manyoya kukazidi, na wadogo wa kundi hilo hawakuonyesha tena dalili zile za mateso katika damu. Madume wapya waliokuja kutoka makundi mengine walijifunza adabu hiyo. Sapolsky na mwenzake Lisa Share waliyatangaza hayo mwaka wa 2004. Mimi nilipoyasoma nilifikiri juu ya nyumba fulani ninazozijua, na juu ya ofisi fulani pia.

Sapolsky huyo ametoa na mfano wa punda milia. Simba akimkimbiza, punda huchemka kwa hofu. Akiponyoka, baada ya muda mfupi anakula majani. Hawazi juu ya simba wa kesho. Sisi tunaweza kumkimbia simba asiyekuwapo. Mshahara uliokawia miezi mitatu, mwenye nyumba anayegonga mlango, mwana aliye safarini asiyepiga simu, tetemeko linaloweza kurudi: hayo yote, ubongo hupeleka juu ya figo amri ile ile ya simba.

Moyo, kidonda, tumbo

Tarehe 17 Januari 1994, alfajiri, nchi ilitetemeka Los Angeles. Waganga walihesabu vifo vya ghafula vya ugonjwa wa moyo: juma lililotangulia vilikuwa kadiri ya 4 ao 5 kwa siku, siku ile vilikuwa 24. Wengi wao mishipa ilikuwa imekwisha kuharibika, na adrenalini ikamaliza. Kwa mtu ambaye hofu haimwachi, mishipa inabaki imekazwa, figo zinashika chumvi, na mkazo wa damu, ambao sisi twauita tansio, unaweza kupanda na kukataa kushuka. Lakini nisidanganye: tansio ina mizizi mingine pia, kama ukoo, umri, chumvi nyingi, pombe na unene. Hangaiko ni mzizi mmoja kati ya hiyo.

Na kidonda? Hapa ndipo niliposimama nikasoma mara mbili. Mwaka wa 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa jimbo la Ohio, Marekani, waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wazee waliopotewa na akili, kazi ya kuchosha isiyo na mwisho. Wakawatafuta wengine 13 wa umri ule ule wasio na mzigo huo. Kila mmoja akakatwa kijeraha kidogo mkononi, cha namna moja. Wale wauguzi walikawia kupona siku 9 zaidi ya wenzao. Kisu kilikuwa kimoja, mwili ulikuwa wa umri mmoja. Tofauti ilikuwa uchovu wa roho. Miaka minne kabla, mwaka wa 1991, Sheldon Cohen na wenzake walikuwa wamewatia watu wazima karibu 400, kwa hiari yao, vijidudu vya mafua puani. Waliokuwa na mahangaiko mengi ndio walioshikwa zaidi.

Juu ya tumbo yafaa kusema kwa uangalifu. Zamani, kwa sababu ya panya za Selye, kila kidonda cha tumbo kiliitwa matunda ya wasiwasi. Halafu waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha katika miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vinaletwa na kijidudu, Helicobacter pylori, nacho kinauawa kwa dawa. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Mwenye kuumwa tumbo asiambiwe tu “acha kuwaza”; apimwe.

Watoto wachanga wa Goma

Wako na wataalamu waliofika kwetu hasa. Mwaka wa 2012 Connie Mulligan, wa chuo kikuu cha Florida, na wenzake walitangaza kazi waliyoifanya Goma pamoja na akina mama 25 na watoto wao wachanga. Mama aliulizwa aliyoyapata wakati wa mimba: vita, kukimbia, kudhulumiwa, kukosa chakula. Kisha damu ya mama na ya mtoto ikapimwa. Mama waliopatwa na mabaya mengi ya vita, watoto wao walikuwa na uzito mdogo zaidi. Tena juu ya jeni ya mtoto inayotengeneza mlango wa kuipokea kortizoli, palionekana alama ndogo za kikemia kwa kadiri ya mateso ya mama. Akina mama 25 ni wachache, na wataalamu wenyewe hawajui bado alama hizo zitafanya nini mtoto akikua. Lakini baba anayesoma maneno haya, mke wake akiwa na mimba, ana la kufikiri kabla ya kupandisha sauti.

Hapa naingiza neno juu ya vidonge, maana nimechoka kuona. Madukani mwetu vinauzwa, pasipo karatasi ya mganga, vidonge vya deksametazoni na prednisoloni, eti vya kunenepesha. Tena kuna marashi ya kung’arisha ngozi yenye klobetasoli ao betametazoni. Hizo zote ni ndugu za kortizoli, na nyingine zina nguvu kuipita mara nyingi. Philip Hench na wenzake walipata Nobel mwaka wa 1950 kwa kuonyesha jinsi homoni za namna hiyo zinavyowaondolea maumivu wagonjwa wa viungo, nazo zaokoa watu hata leo mikononi mwa mganga. Lakini mwanamke anayezinunua apate mashavu, mashavu anayapata, pamoja na sukari ya damu, tansio, mifupa laini na ngozi iliyokonda kama karatasi. Ubaya zaidi, tezi zake, zikiona kortizoli ya bure inaletwa kila siku, zinalala. Akiviacha vidonge ghafula, mwili hauna mjumbe, naye aweza kufa kwa homa ndogo. Aliyekwisha kuvizoea asiviache peke yake. Amwone mganga apunguziwe polepole.

Nirudi kwa mwenzangu. Mwaka wa 2022, mwezi wa pili, nilimshawishi aende hospitali. Muuguzi alimfunga kile kitambaa mkononi, akakipiga pumzi, akasoma 180 juu ya 110. Akapima tena, ni hivyo. Sukari yake haikuzidi. Kidonda kilikuwa na usaha, nacho kikasafishwa na kupewa dawa. Mganga, kijana mpole, hakumcheka kwa neno la karuho. Alimwuliza tu, “Mwalimu, tangu mlima ulipopasuka, ni usiku ngapi umelala mpaka asubuhi?” Mtu mzima akainamisha kichwa, akalia. Alipewa vidonge vya tansio, akaambiwa asiviache hata akijisikia mzima, apunguze chumvi, aache pombe ya jioni, atembee kila siku, na saa ile ya usiku moyo ukidunda, akae kitandani avute pumzi na kuitoa polepole, maana pumzi ndefu huuamsha mshipa wa fahamu unaoutuliza moyo. Tena atafute mtu wa kumwambia yote ya usiku ule.

Yule mtu wa kumwambia alikuwa mimi, na nikajifunza kusikiliza pasipo kujibu. Juma la nne alinitajia yule shemeji. Walikuwa wamekataa kuonana miezi mitano. Mdogo wake alikuwa amempigia simu akamwambia kwamba mkewe hali, halali, na maziwa ya mtoto anayemnyonyesha yanapungua. Sikumwambia neno juu ya tezi. Alikuwa amekwisha kuelewa kwamba juu ya figo za mwanamke yule nako kulikuwa na kofia mbili zinazomwaga usiku na mchana.

Jumapili moja tulikwenda Sake pamoja, yeye, mkewe na mimi, na kuku mmoja katika kikapu. Wazee wa ukoo walisema walichosema, sikuandika. Shemeji akaleta ugali, sambaza na sombe, akaweka chini, akabaki amesimama mlangoni mikono nyuma. Mwenzangu akanawa, akakata tonge, akachovya, akala mbele ya watu wote. Akatafuna kidogo, akasema, “Shemeji, chumvi ni chache.”

Mkewe akavuta sahani ya chumvi akaificha chini ya kitenge chake.